Boriti ya Makame Iliyochoka Kuchapwa

Hapo zamani, enzi ambazo vitu vilikuwa bado vinasikia vikisemwa, palikuwa na kijiji ambacho watu wake wote walikuwa na nundu kwenye paji la uso. Wazee nundu, vijana nundu, hata bibi harusi akifunuliwa ushungi, nundu hiyo hapo, imepakwa liwa ikang'aa. Majirani wakakiita kijiji hicho Manundu, na jina likakaa.

Hawakuzaliwa nazo, msifikiri hivyo. Zililetwa na desturi yao. Kwingine mtoto akijikwaa kwenye jiwe, mama yake atalichapa kidogo lile jiwe, "Jiwe baya hili! Umemwumiza mwanangu!", mtoto ananyamaza, maisha yanaendelea. Nani hapa hajafanya? Lakini watu wa Manundu hawakuiacha desturi hiyo kwa watoto peke yao. Mtu mzima na ndevu zake akijigonga kwenye mwimo wa mlango, hasemi kwamba hakuangalia. Anaita mkewe, "Lete fimbo!", mwimo unachapwa. Ngazi ikimwangusha mtu, inafungwa mtini, inacharazwa watu wakitazama. Kuna kinu kilichomwangukia mtu kwenye vidole vya mguu, kikabiringishwa hadi nje ya kijiji, kikaambiwa kisirudi. Na kuna bwana mmoja, jina lake tuliache maana wajukuu zake wapo, alimpiga mkewe kwa mwiko mpaka jicho likaziba. Wazee wakakaa, wakashauriana, wakakohoa, wakauchapa mwiko. Yule bwana akaenda zake kula.

Basi pale hakuna aliyejifunza kuinama, wala aliyejifunza kutazama anapokanyaga, wala aliyewahi kusema, "Ni mimi." Maneno hayo mawili hayakuwahi kutoka kinywani mwa mtu wa Manundu.

Humo ndimo alimoolewa Somoe.

Somoe alitoka ng'ambo ya mto, ambako mtu akijigonga husema, "Aa, macho yangu haya," akajisugua akaendelea na safari. Aliolewa na Makame, mwanamume mfupi, mfupi haswa, mwenye maringo ya mtu mrefu. Makame alipojenga nyumba alimwambia fundi boriti ya juu ya mlango aishushe, ifike kimo chake yeye na unyoya mmoja tu juu yake.

Fundi akakuna kichwa. "Bwana Makame, watu watajigonga hapa."

"Wainame," akasema Makame. "Kila anayeingia kwangu ainame. Mimi nitapita wima."

"Basi tuweke na mlango wa uani, wanawake wapate kupitisha ndoo."

"Ili wapite nyuma bila kuinama? Mlango mmoja, fundi. Na madirisha ya kupitisha mkono, yatosha."

Fundi akajenga alivyoambiwa. Wajomba wa Somoe wakaja kumpongeza bwana harusi, wakainama. Wakubwa wa kijiji wakaja, wakainama. Makame kasimama ndani, mikono kiunoni, anawapokea kama sultani. Na wasioinama, ko! kwenye boriti.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia mama yake Makame, Bi Mwanakombo. Mama alikuwa mrefu, mkavu, shingo ndefu. Urefu wote ulimwishia yeye, mwanawe hakubakiziwa. Kazi yake kubwa duniani ilikuwa kumpenda mjukuu wake, Mize, mtoto wa Somoe na Makame. Kazi yake ya pili ilikuwa kuichapa boriti. Pembeni ya mlango alitundika fimbo ya henzirani, na kila kichwa kilipogonga, chake au cha mgeni, aliishusha:

"Mbaya wewe! Mbaya! Huna haya! Nani kakutuma?"

Fimbo, fimbo, fimbo. Boriti haijasogea. Watu ndio walioifuata.

Na Mize akawa analelewa hivyo hivyo. Akijikwaa, "Si wewe mjukuu wangu, ni hilo gogo." Akivunja mtungi, "Si wewe, ni huo mtungi, mbaya." Mtoto akawa anakimbia huku anatazama nyuma, akicheka.

Somoe akajaribu siku moja. "Mama, tumwache mtoto ajifunze kuangalia aendako."

"Wewe mtu wa ng'ambo, usinifundishe kulea. Huyo unayelala naye nani kamlea?"

Somoe akamtazama huyo anayelala naye.

Sasa sogeeni, maana hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Asubuhi moja Somoe alikuwa anatoka na ndoo. Mgongo wake ulishaujua ule mlango, unainama wenyewe, hauhitaji kuambiwa. Akainama kama siku zote. Boriti ikamgusa kilemba. Akasema labda nimefunga kilemba kikubwa. Kesho yake akafunga kidogo. Boriti ikamgusa ngozi ya kichwa.

Akachukua mkaa, akachora alama kwenye mwimo, chini kidogo ya boriti. Alipoamka tena, akaenda kutazama. Alama haipo. Boriti imeimeza.

Hakuna mwingine aliyeona. Watu wa Manundu tangu lini wakatazama? Makame mwenyewe, mwenye kupita wima, alitoka siku hiyo kifua mbele, ko! Akapepesuka. Bi Mwanakombo akaruka na henzirani, "Hata mwenye nyumba? Hata mwenye nyumba, mbaya wewe?" Makame akasimama pale kashika paji la uso, anawaza. Kisha uso ukamchanua.

"Somoe," akasema. "Nimerefuka."

Na alizunguka kijiji kizima akiwaambia watu.

Mtauliza, Somoe kwa nini hakusema? Kwanza, nani angemsadiki? Lakini hiyo ni sababu ya kusema mbele za watu. Sababu ya ndani ya moyo ni nyingine. Boriti ilipokuwa inashuka, aliyejigonga kuliko wote alikuwa mrefu wa nyumba hiyo, mama mkwe. Ko! asubuhi akienda kutema mate. Ko! akirudi. Ko! akigeuka kumwita kuku. Na kila ikilia ko, Somoe alikimbilia banda la jikoni, akauma pindo la khanga, akacheka mpaka machozi. Miaka yote ya "wewe mtu wa ng'ambo" ilikuwa inalipwa, na yeye hajanyanyua hata kidole. "Kesho nitawaambia," alijisemea. Kesho ikifika, ko! na utamu wake. Akaiahirisha hadi kesho nyingine.

Mpaka adhuhuri ile.

Jua lilikuwa utosini, watu wako mashambani, kimya kimetanda hata nzi husikii. Somoe kakaa ndani anapepeta mchele. Akasikia mlangoni:

"Mbaya wewe. Mbaya. Huna haya."

Sauti ya mama mkwe. Ila polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. Somoe akageuka. Mlangoni hapana mtu. Bi Mwanakombo yuko mtoni, ameondoka na kapu lake tangu asubuhi. Nje, kuku ambao hupenda kulala kwenye kivuli cha mlango walikuwa wamesimama juani, wote, shingo zimenyooka, wanatazama juu.

Somoe akaweka ungo chini, akasogea. Pale fimbo zilipokuwa zinatua, mti ulikuwa umevimba, mistari mistari, kama mgongo wa mtu aliyechapwa. Akaweka kiganja. Boriti ilikuwa na joto, joto la mgonjwa wa homa.

"Nani kakutuma?" ikamwuliza.

Akavuta mkono. Akarudi kupepeta, mchele unamwagika nje ya ungo hata haoni. Na jioni waliporudi wote, mlango ukalia ko, mama mkwe kashika kichwa, Somoe akafungua mdomo aseme. Akacheka. Khanga haikuwahi kufika mdomoni.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida tu. Asubuhi, jua zuri. Somoe kapika vitumbua, kaviingiza ndani kwenye sahani, akakaa mkekani. Mize yuko nje na wenzake, mtoto wa meno ya mbele kung'oka, anafukuzana na jogoo. Somoe akaita alivyozoea:

"Mize! Njoo mbio, vinapoa!"

Mize akaja mbio, kageuza shingo, anamcheka jogoo nyuma yake. Na Somoe hakuwa na wasiwasi. Boriti imeshuka, ndiyo, lakini Mize alikuwa mdogo, angepita chini yake na nafasi ikabaki.

Ndipo Somoe akaiona. Boriti haikuanguka. Ilishuka taratibu, ikainama, kama mwenyeji anayeinamisha kichwa kumpokea mgeni.

Ko.

Mize akaangukia ndani, kwenye kizingiti. Macho wazi, hayatazami kitu. Hakuna damu. Somoe akampapasa paji la uso akitafuta nundu: laini, kama yai lililomenywa. Akainua macho. Nundu ilikuwa imeota kwenye boriti.

Bi Mwanakombo alikuja mbio kutoka uwanjani, hakuuliza, akashika henzirani. "Mbaya wewe!" Akaitandika boriti. Mize akapiga yowe. "Mbaya! Huna haya!" Mize akapiga yowe tena, na Somoe akaona mstari mwekundu unajitokeza mgongoni kwa mwanawe.

"Mama, acha! Unampiga Mize!"

"Naipiga boriti!"

"Mtazame mtoto, mama! Leo tu, tazama!"

Bi Mwanakombo akatazama. Henzirani ikamtoka mkononi.

Makame akaja na fundi na msumeno. Waikate. Msumeno uliuma boriti mara moja tu, Mize akajikunja, mstari wa damu ukamzunguka tumbo. Wakautupa. Makame akachukua jembe avunje ukuta, amtoe mtoto kwa ubavuni. Pigo la kwanza la jembe, Mize akakohoa udongo. Somoe akambeba amtoe kwa mlango huo huo. Alipofika kizingitini boriti ikashuka kifuani kwake, akarudi nyuma. Akajaribu kutambaa naye. Ikamshukia mgongoni. Akabaki ndani na mwanawe mapajani, na wengine wote nje, wanachungulia.

Kijiji kikajaa uwanjani. Na boriti ikasema. Ilisema kwa sauti zote zilizowahi kuisema. Neno hili kwa sauti ya Bi Mwanakombo, linalofuata kwa sauti ya Makame, linalofuata kwa sauti ya jirani aliyekufa masika yaliyopita, na mjane wake alikuwepo pale, akakaa chini.

"Nimechapwa kwa makosa ya watu. Sikuwafuata, mlinifuata. Sasa kosa la mtoto huyu ni la mmoja wenu. Aje alaze shingo kwenye kizingiti, chini yangu, aseme yale ambayo kijiji hiki hakijawahi kusema. Akiwa ndiye, nitapanda, mtoto atainuka, na pigo litamhamia yeye, alale hivyo macho wazi mpaka siku yake. Akiwa siye, nitashuka mpaka kizingitini, juu ya shingo yake, na waliomo ndani hawatatoka."

Unafikiri walisema nini? Walisema walichozoea.

"Mimi si mwenye nyumba," akasema fundi. "Nilimwonya. Si mimi."

Boriti ikalia krr, ikashuka kidogo.

"Si mimi," akasema Makame. "Mimi sikupanda huko juu na nyundo, fundi ndiye aliyeiweka!"

Krr.

"Si mimi," akasema Bi Mwanakombo. "Mimi siku zote nilikuwa namtetea mtoto!"

Krr.

Wakageuka wote kuchungulia ndani, kwa Somoe. Somoe hakusema kitu. Boriti ikashuka zaidi kuliko mara zote.

Sasa pale mlangoni mtu hapiti, mbwa kwa shida. Waliokuwa nje waliona nyayo za Mize tu, na zilikuwa zinaingia rangi ya mti, kutoka kwenye vidole kupanda. Pumzi yake ilikuwa inakwenda, inasimama, inakwenda.

Bi Mwanakombo ndiye aliyeanza. Alikaa chini mchangani, akakunja miguu yake mirefu, akajivuta mpaka mlangoni.

"Ni mimi," akasema.

Kijiji kizima kikavuta pumzi. Boriti ikasimama.

"Ni mimi. Nilimfundisha mtoto kwamba duniani hakuna kosa lake. Angejua kutazama mbele, angeiona inashuka. Na huo ubaya boriti haikuzaliwa nao, nimeuchapa mimi ukaingia. Isikilizeni sauti inayosema nayo, si yangu hiyo? Nimekula chumvi, nimechoka nayo. Nipisheni nilale hapa."

"Toka hapo, mama," akasema Makame, kapiga magoti. "Ni mimi. Ningejenga mlango kama wa watu, nani angejigonga? Ungemchapa nani? Niliishusha ili wakubwa waniinamie. Fundi aliniambia hapa hapa, tumesimama hapa. Boriti iliyowekwa juu ingechukua miaka kumfikia mwanangu. Mimi niliisogeza karibu naye kabla hata hajazaliwa. Halafu nikaipiga kichwa, nikasema nimerefuka."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Akanyamaza mwenyewe.

Ndipo Somoe akamlaza Mize mkekani, akalala kifudifudi ndani, uso kwenye ufa uliobaki. Akaona goti la mumewe, na mkono wa mama mkwe wenye mishipa.

"Ni mimi," akasema. "Nyinyi mlitenda bila kujua. Makame alijua watu watajigonga, hakujua itatembea. Mama alijua kuchapa, hakujua kwamba inaumia. Mimi nilijua. Niliona inashuka. Niliishika, ikaniuliza swali, nikarudi kupepeta mchele. Neno moja tu, mtoto huyu angelala kwa jirani. Nikanyamaza, kwa sababu..." Akashika pindo la khanga, akaliachia. "Kwa sababu nilikuwa nakucheka, mama. Kila ukijigonga nilikwenda jikoni nikakucheka. Nilitaka iendelee. Na leo mimi ndiye niliyemwita mbio."

Kisha mkono ule wenye mishipa ukapita chini ya boriti, ukamshika Somoe shavuni.

"Nilikuwa nakusikia, mkamwana," akasema Bi Mwanakombo. "Unacheka kama kuku anayetaga. Unadhani kwa ile henzirani nilikuwa nampiga nani? Wewe. Kila fimbo ilikuwa yako. Boriti ilikuwa karibu tu."

Wakalia wote wawili, huyu ndani, yule nje, na boriti katikati.

Sasa ndugu zangu, ingekuwa hadithi ya kulazia watoto, boriti ingepanda hapo. Haikupanda. Haikushuka pia. Ilitetemeka kama ngozi ya ng'ombe inayofukuza nzi, na safari hii ikasema kwa sauti moja tu, nyembamba, sauti ya Mize mwenyewe:

"Na mimi je? Hao wote walinifundisha, lakini niliinama mwenyewe. Mtoto angeweza kupita. Niliona kwamba angeweza kupita."

Fundi akasikia hivyo, akadakia, "Basi! Imekiri! Kosa ni lake!"

"Haya," ikasema boriti kwa sauti ya Mize. "Mimi nina shingo? Mkisema ni mimi, nichapeni basi, mpaka mchoke. Henzirani hiyo hapo chini."

Na hakuna aliyeinama kuiokota, maana kila mtu alijua mgongo utakaopasuka ni wa nani.

Basi ndivyo walivyo mpaka hivi tunavyozungumza. Bi Mwanakombo nje upande huu, Makame nje upande ule, Somoe ndani, vichwa vitatu vimekutana kizingitini vinasukumana, kila mmoja anasema "ni mimi", na nafasi iliyobaki ni ya shingo moja. Akiingia wa kweli, mtoto anainuka katika nyumba iliyopungukiwa na mtu mmoja. Akiingia asiye wa kweli, anakwenda yeye pamoja na waliomo ndani, na mlango unakuwa ukuta. Rangi ya mti imeshafika magotini kwa Mize. Yupo aliyeishusha kwa maringo, aliyeichapa mpaka ikajifunza ubaya, aliyejua akanyamaza akacheka, na yenyewe iliyoinama kwa hiari yake huku haina shingo ya kutoa.

Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa pale, ungevuta miguu ya nani atoke, ukamwacha nani abaki? Je, nani anastahili kulaza shingo? Na kabla hujajibu, "Si mimi wa kuamua," sikiliza kwanza mlangoni kwako kama hakuna krr.